Vumbi la Amandu

Kila kundi jipya la wanafunzi lilipofika, Nasur aliwaanzia na hadithi ya Amandu. Aliwapanga mstari pembeni mwa uwanja wa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya mji wa Arua, njia ya kwenda Ediofe, kila mmoja na ule uso wa mtu anayeogopa kuchekwa. Kisha akawaambia kwamba palikuwa na kijana, mganga msaidizi, mkono mwepesi na macho makali, mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha pikipiki. Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kusubiri. Siku moja kwenye barabara ya Koboko lori lilipita likatimua vumbi. Kijana akaambiwa asubiri litulie, akakataa. Akaingia vumbini, na humo humo likamkuta lori jingine.

"Sasa wewe nataka kuwa Amandu?" Nasur aliuliza kwa Kiswahili cha huko, kidole kikimwelekea yeyote aliyesimama karibu.

"Hapana, mwalimu."

"Sema na sauti!"

"Hapana, mwalimu!"

Hadithi ilifanya kazi yake. Mabwana shamba, wakaguzi wa pamba, maafisa wa mifugo, wote waliopita mikononi mwake tangu mwaka 1974 waliliogopa vumbi kuliko walivyomwogopa bwana mkubwa wa ofisi, na hakuna hata mmoja aliyezikwa. Shida ya hadithi ile ni kwamba haikuwa kweli, na mtu pekee aliyelijua hilo ndiye aliyekuwa akiisimulia.

Tumjue kwanza mwenyewe. Nasur alikuwa Mnubi wa Koboko, mjukuu wa askari aliyeteremka kutoka Sudani akibeba bunduki ya watu wengine. Naye alilitumikia jeshi la Waingereza kama tarishi wa pikipiki kule Jinja, na alipotoka, ofisi ya wilaya ikamchukua awafundishe watumishi wake kuendesha. Alikuwa mrefu, mkavu, na hasira zake zilijulikana kuanzia Arua hadi mpakani Oraba. Aliwahi kumrudishia fundi cherehani suruali kwa kuitupa kisimani, nayo ilikuwa imepungua nusu inchi tu.

Lakini tusimwonee. Hasira zake alizijua, na kwa sababu alizijua alijitungia kanuni. Lori likikutimulia vumbi, unasimama. Unazima injini, unachomoa ufunguo, unashuka, unaisukuma pikipiki hadi kwenye majani, upande ule ambao upepo unatokea. Unasimama mbele yake na ufunguo ukiwa ndani ya ngumi. Halafu unahesabu.

"Injini kama iko nanguruma, yeye naongea na wewe," aliwafundisha. "Nasema twende, twende. Ufunguo kama iko kwa shimo, naita mukono. Funga yeye kwa ngumi. Mutu hapana endesha ngumi."

Waislamu aliwaambia wahesabu tasbihi, thelathini na tatu. Amandu, aliyekuwa Mkatoliki, alisali Salamu Maria kumi, na siku zisizo na upepo mkali vumbi lilitulia sawasawa kwenye ya kumi. Wenyewe walifanyia utani jambo hilo, nani kati ya Mwislamu na Mkristo anawahi kuona barabara.

Na kila asubuhi, jua likishatoka, Nasur mwenyewe alipanga makopo manane ya maziwa uwanjani, akapita katikati yake kwa mwendo wa polepole kuliko mtu atembeaye, bila kuweka mguu chini. Miaka ishirini alifanya hivyo. Watu waliomwona walidhani mzee amerukwa na akili, anachezea makopo. Yeye aliwajibu kwamba mkono ni msahaulifu, usipoukumbusha leo, kesho utakuua. Hayo yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo yaliyomwuma baadaye, kwa maana mkono wake haukusahau kitu siku ile. Kilichosahau ni moyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari, ukame umeiva. Binti yake Madinah alikuwa anaolewa Koboko baada ya sala ya adhuhuri, na Nasur ndiye walii, baba wa kumwozesha. Asubuhi nzima iliishia ofisini akingoja sahihi kwenye barua ya petroli. Alipoondoka Arua tayari roho ilikuwa juu. Amandu alifuatana naye, kila mmoja na pikipiki yake, kwa kuwa alitumwa na dawa kwenye zahanati ya huko.

Lori la kwanza, wakasimama, wakahesabu. La pili, wakasimama, wakahesabu. Lilipokuja la tatu Nasur alipunguza mwendo, akageuka, akamwona Amandu ameshashuka, ameshaisukuma pikipiki kwenye majani ya upande wa kulia kule upepo ulikotokea, ngumi imefungwa, midomo inacheza.

"Amandu! Toka, twende!"

"Mwalimu, bado," Amandu akasema kwa upole. "Iko sita tu."

Ni hilo tu alilosema, wala hakulisema kwa dharau. Lakini Nasur aliona mtoto mdogo anamfundisha kazi yake mwenyewe, siku ya harusi ya binti yake, maimamu wanangoja, shemeji zake wanatazama saa. Damu ikampanda.

"Wewe nafundisha mimi? Basi kaa na sita yako!"

Akavuta moto, akaingia vumbini, akishika upande wa kulia wa barabara ili alipite lori la mbele. Hakuona hata gurudumu lake mwenyewe. Ghafla taa mbili za njano zikamjia usoni, honi ikalia, kitu kikubwa kikampita ubavuni hadi shati likapigwa na upepo wake. Nyuma yake akasikia lori lile likitoka barabarani na kuserereka kwenye majani, halafu mlio, halafu kimya. Hakusimama. Inaniuma kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa: alicheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akazidisha mwendo. Alifika Koboko mapema kuliko imamu.

Habari ilimkuta anakula. Lori lililokuwa likitoka Koboko limeacha barabara, limemuua kijana wa pikipiki. Dereva amekimbia kwa miguu, inasemekana amevukia Sudani. Watu wakamgeukia Nasur, mkono wake ungali kwenye sinia, wakamwuliza: si mlikuwa pamoja? Naye akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mimi naambia yeye subiri. Yeye alikataa."

Kama angelisema pale tu, pengine angeweza kulirudisha. Lakini kwao Amandu, huko Adumi, mtu aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho ndiye husimama kaburini na kueleza kifo kilivyokuja, na neno lake ndilo ukoo unaloliweka. Kesho yake Nasur alisimama mbele ya udongo mbichi akalirudia. Okuonzi, baba wa marehemu, mkulima wa tumbaku mwenye mabega mapana, aliinamisha kichwa. Alisema haraka imo katika damu yao, ndiyo iliyomwangusha baba yake kutoka juu ya paa, na sasa imemchukua mwana. Wiki ile ile aliuza baiskeli ya nyumbani, na akakata kauli kwamba hakuna mtoto wake atakayepanda tena chombo chenye magurudumu mawili.

Mara ya kwanza Nasur kumwona marehemu ilikuwa siku chache baada ya arobaini yake. Alikuwa peke yake, saa nne za asubuhi, jua kali, lori limempita na vumbi limejaa. Alisimama kama kawaida, akachomoa ufunguo, akahesabu. Vumbi lilipoanza kupungua, aliona mtu amesimama kwenye majani hatua ishirini mbele yake. Hakuwa akifanya chochote. Alisimama tu, mkono mmoja umeshuka ubavuni, ngumi imefungwa. Vumbi liliposhuka lote hapakuwa na mtu, wala alama ya mguu.

Tangu hapo hapakuwa na vumbi lisilokuwa na Amandu ndani yake. Nasur alijaribu kusoma aya alizojua, alijaribu kufumba macho, alijaribu njia ya Adumi na njia ya Rhino Camp. Alikuwako kote. Kama angekuja kumkaba koo, au kumlilia, pengine Nasur angepata la kufanya, maana mtu wa hasira hujua kupigana. Lakini yule alikuwa anasubiri, na Nasur hakujua anasubiri nini. Mkewe Kulusum alimwuliza kwa nini siku hizi anaoga mara tatu kwa siku. Akamjibu vumbi limezidi mwaka huu, wakati mvua ilikuwa ikinyesha.

*

Mwanamke alikuja uwanjani Januari ya mwaka 1976, mchana, amevaa gauni jeupe la mkunga na viatu vya raba vilivyopakwa chaki. Alikuwa mfupi, mtulivu, umri wa miaka thelathini hivi. Alimpa Nasur barua kwa mikono miwili. Nasur aliisoma hadi alipofika kwenye jina, akairudia: Driciru, binti Okuonzi, zahanati ya Adumi.

"Wewe iko nani ya Amandu?" aliuliza.

"Dada yake, mwalimu. Mimi naosha mwili yake ile siku."

Alieleza shida yake bila kupandisha wala kushusha sauti. Zahanati imepewa pikipiki ya mkunga, na mkunga ni yeye. Miezi minne sasa imefunikwa turubai. Mwezi uliopita mama mmoja alibebwa kitandani na wanaume wanne kutoka kilimani, maili sita, na mtoto akafia njiani. Yeye Driciru alikuwa akiwakimbilia kwa miguu, akawakuta wameshaweka kitanda chini. Anataka kujifunza. Lakini baba yake amekataa.

"Baba nasema haraka iko kwa damu yetu. Nasema mimi takufa kama Amandu. Mpaka mwalimu Nasur mwenyewe akuje nyumbani, asimame pale kaburi, aseme hii mutoto hapana na ile haraka ya kaka yake. Hapo baba takubali."

Nasur aliikunja ile barua. Kwa hiyo mzee anamtaka arudi kaburini. Anamtaka asimame pale pale, juu ya uongo ule ule, aupambe na mwingine.

"Tuanze na masomo kwanza," alisema.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, hakuisimulia hadithi ya Amandu. Alianza moja kwa moja na breki: ya mbele na ya nyuma, namna ya kuzibana pamoja polepole kama mtu anayekamua chungwa bila kutaka mbegu zitoke. Akamwonyesha klachi. Akamwonyesha kutazama mbali, kule anakotaka kwenda, si chini kwenye shimo analoliogopa. Mwisho akamfundisha kanuni ya vumbi, kwa sababu hakuweza kuiacha. Ilikuwa imemkaa mdomoni. Zima, chomoa, shuka, sukuma, simama, funga ngumi.

Driciru alikuwa akirudia kwa vitendo. Alipofika kwenye ngumi, alisimama akautazama mkono wake uliofungwa.

"Mwalimu, hii nafundisha watu yote?"

"Yote."

"Na Amandu?"

"Hata yeye," Nasur alisema, akageuka kuyapanga makopo.

Driciru hakuuliza tena siku ile. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kila siku alitembea kutoka nyumba ya masista alikopewa kitanda, akaja kupita katikati ya makopo yale manane. Juma la kwanza aliangusha yote. Juma la pili matano. Hakulalamika, hakucheka, hakumwaga chozi. Akianguka aliinuka, akapangusa gauni, akaangalia kopo alilogonga, akarudi mwanzo. Nasur alikuwa amefundisha wanaume waliopiga mateke pikipiki, waliomtukania mama, waliomwambia makopo ni ya watoto. Mara mbili alimpigia Driciru kelele bila sababu, na mara zote mbili mwanamke alizima injini, akachomoa ufunguo, akasubiri kelele ziishe. Ziliisha. Nasur aliona aibu akaenda kununua chai.

Na kila juma Driciru alimletea swali moja, dogo, akiwa anafunga raba au anapangusa mikono kwa majani.

"Amandu nahesabu nini, mwalimu?"

"Salamu Maria. Kumi."

Juma lililofuata: "Yeye nafika kumi?"

"Kila mara," Nasur alijibu, akasikia mwenyewe alichosema. Driciru aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya chumvi, akaenda zake.

Usiku wa siku hiyo Nasur hakulala, na asubuhi, kwenye uwanja mtupu wa mnada, aligonga kopo. Mtu aliyepita na mbuzi wake alishuhudia. Lilikuwa kopo la kwanza kuligonga tangu mwaka 1958.

*

Mwisho wa Februari ulikuwa wakati wa mtihani wa barabarani, Arua hadi Koboko na kurudi. Waliondoka saa mbili, Driciru mbele, Nasur nyuma akiukagua mgongo wake. Aliendesha vizuri. Alipunguza mwendo kabla ya kona, hakusubiri kuingia konani ndipo apunguze. Kwenye mchanga alilegeza mikono akaiacha pikipiki itafute njia yake. Kwa nusu saa Nasur alisahau kila kitu isipokuwa ile furaha anayoipata mwalimu, nayo ni furaha kubwa, tusidanganyane.

Halafu likaja lori la pamba, likawapita kwa fujo, na dunia ikawa nyekundu.

Driciru alisimama. Alizima, akachomoa, akashuka, akasukuma hadi kwenye majani, upande wa upepo, upande wa kulia. Nasur alifanya vivyo hivyo nyuma yake. Ndipo alipotambua walipo. Mti uliochunwa gome na bamba la lori siku ile ya Amandu bado ulikuwa na kovu.

Vumbi liliwafunika. Nasur alianza kuhesabu tasbihi. Mbele yake alimwona Driciru kwa hafifu, ngumi ubavuni, midomo inacheza. Na mbele ya Driciru, kwenye majani, alimwona mwingine, amesimama vile vile, ngumi vile vile. Safari hii vumbi lilipopungua hakutoweka. Nasur akataka kuondoka, kokote, aingie humo humo vumbini. Akanyoosha mkono kuurudisha ufunguo kwenye tundu lake.

"Mwalimu, bado. Iko sita tu."

Ufunguo ulimponyoka ukaanguka kwenye majani.

"Nani nasema?" alipiga kelele. "Driciru! Wewe nasema nini?"

Driciru aligeuka. "Mimi hapana sema kitu, mwalimu. Mimi nasali."

"Iko ngapi? Wewe nafika ngapi?"

"Ya sita," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. "Kwa nini nauliza?"

Nasur alikaa chini palepale, mtu mzima, mwenye mvi, kwenye majani ya kando ya barabara. Akasema yote. Alisema harusi, barua ya petroli, lori la kwanza na la pili. Alisema sita. Alisema taa za njano na mlio aliousikia nyuma yake, na jinsi alivyocheka. Alisema Amandu alikuwa amesimama hapa, kwenye majani haya, anafanya kila kitu alichofundishwa, na lori lile lilimkwepa yeye Nasur ndipo likaja kumkuta mtu aliyekuwa anasubiri. Alilia bila kujificha.

Driciru alisikiliza hadi mwisho. Vumbi lilikuwa limeshatulia, barabara nyeupe kwa jua, hakuna mtu kwenye majani ila wao wawili. Aliingiza mkono kifuani mwa gauni akatoa uzi wa bandeji. Kwenye uzi kulikuwa na ufunguo wa pikipiki, umepinda kidogo.

"Wakati mimi naosha yeye, mukono moja nakataa funguka," alisema. "Mimi naweka maji ya moto, nasugua, nangoja. Ndani iko hii. Mimi hapana jua maana yake. Nasema labda iko kitu alipenda, naweka. Halafu ile siku ya kwanza kwa uwanja, wewe nasema funga yeye kwa ngumi."

Nasur aliutazama ufunguo. Mtu anayeendesha hana ufunguo mkononi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua hilo.

"Majuma sita wewe najua," alisema. "Kwa nini hapana sema? Kwa nini hapana peleka mimi kwa baba yako, kwa polisi?"

"Kama mimi nasema, wewe takasirika. Mutu nakasirika, natafuta uongo ingine." Aliurudisha uzi shingoni. "Wewe nafundisha mimi kusubiri, mwalimu. Basi mimi nasubiri."

Hakulisema kwa ubaya. Laiti angelisema kwa ubaya.

*

Hawakufika Koboko. Nasur hakuwa mtu wa kushika usukani siku ile, na kanuni ni kanuni: mwenye moyo unaochemka haendeshi. Aliiacha pikipiki yake shuleni karibu na hapo, akapanda nyuma ya Driciru. Mwalimu wa wilaya nzima alibebwa na mwanafunzi wake kama gunia la mihogo, hadi Adumi, na njiani walisimama mara nne kungoja vumbi. Mara zote nne Nasur alitazama majani. Hakuthubutu kuuliza kama Driciru naye anatazama.

Okuonzi alikuwa akianika tumbaku. Alimwona binti yake juu ya pikipiki akaangusha fungu zima, lakini kabla hajafungua kinywa Driciru alisema, "Baba, mwalimu akuja kusema pale kaburi. Ita watu."

Wakaitwa wajomba, shangazi, majirani. Nasur alisimama mahali alipokuwa amesimama miaka miwili nyuma. Sasa majani yalikuwa yameota juu ya kaburi na msalaba umeliwa na mchwa. Alisema tena yote, safari hii kwa sauti ya kusikika. Alipomaliza akasema, "Haraka hapana kwa damu yenu. Haraka ilikuwa kwa mimi. Amandu nasubiri mpaka mwisho. Na hii mutoto najua pikipiki kupita mimi."

Driciru alimpa baba yake ule uzi. Okuonzi aliushika ufunguo, akaugeuza, akatazama mahali ulipopinda. Shangazi mmoja alianza kuomboleza, wengine wakafuata, kilio kipya kabisa kana kwamba kijana amekufa asubuhi ile. Kijana mmoja wa ukoo alichukua jembe. Okuonzi alimwekea mkono kifuani.

Miaka miwili mzee huyu alikuwa amemwonea mwanawe haya. Alipita mbele ya kaburi hili akienda shambani bila kusalimia, kwa hasira ya kuachwa kwa sababu ya upuuzi. Sasa alipiga magoti kwa shida akaweka kiganja juu ya majani, akasema maneno ya Kilugbara kwa sauti ya chini, yasiyomhusu mgeni. Kisha akainuka.

"Iko na ile karatasi ya mutoto?" alimwuliza Nasur.

Nasur alitoa cheti mfukoni, akatia sahihi kwenye goti lake. Driciru alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyompa barua siku ya kwanza, lakini hakumtazama.

Okuonzi alimshika Nasur mkono wa kulia. Aliuweka ufunguo uliopinda katikati ya kiganja, akavifunga vidole vya Nasur kimoja kimoja, kwa nguvu.

"Hii iko yako sasa," alisema. "Na watu unafundisha, usisema jina ya mutoto yangu tena. Sema yako. Sasa kwenda. Na mguu."

Kutoka Adumi hadi Arua ni mwendo mrefu kwa mtu aliyezoea kukaa juu ya injini. Jua lilikuwa limeinama alipokuwa nusu njia, viatu vimejaa mchanga, na hakuna gari lililopita. Aliwaza jinsi atakavyomweleza Kulusum, na jinsi atakavyomweleza Madinah, ambaye siku ya harusi yake ingeharibika upya baada ya miaka miwili. Aliwaza kundi la wanafunzi la Jumatatu, wamepangwa mstari, wakingoja hadithi. Hakupata mahali pa kuianzia.

Alisikia pikipiki nyuma yake. Alijua sauti ile, aliijua hata namna gia inavyobadilishwa bila kukwaruza. Alitoka barabarani, akasimama kwenye majani, upande wa upepo, ngumi yake ikiwa imefunga ufunguo ubavuni.

Driciru alikuja na mkoba wa uzazi umefungwa nyuma yake. Huko mbele palikuwa na mama anayemngoja. Alimwona Nasur kwa mbali, akapunguza mwendo, akapunguza tena, hadi akawa anakwenda polepole kuliko mtu atembeaye, bila kuweka mguu chini, kama kati ya makopo. Vumbi halikupanda juu ya vifundo vya miguu ya Nasur. Mwanamke alitazama mbele, kule anakokwenda. Hakusalimia. Alipokwisha kumpita mbali ya kutosha, akaongeza moto taratibu, na barabara nyuma yake ikawa nyekundu.

Nasur alibaki kwenye majani akahesabu. Alipofika sita aliacha, akasikiliza. Hakuna aliyesema kitu.